Fizio anasema nichague mwenyewe bei kulingana na kipato, nichague ipi?

kepteni_maweni:
Salam wadau. Mamangu alipata stroki, alhamdulillahi karudi nyumbani lakini mkono na mguu wa kulia hauna nguvu, na hospitali walituambia mazoezi ya fizio yaanze mapema. Hapa Malindi nimepata kliniki ya binafsi, fizio anakuja mpaka nyumbani mara mbili kwa wiki. Sasa nilipouliza bei akanipa karatasi ina ngazi nne, 600, 1,000, 1,500 na 2,000 kila akija, ati nijiangalie kipato changu nichague, hataki kuona slipu ya mshahara wala nini. Nimekwama hapo. Mimi nina boti ya kioo, natoa watalii kule Marine Park, Disemba mpaka Machi mambo huwa sawa naweza kushika elfu 80 kwa mwezi, kusi ikiingia bahari inachafuka, matumbawe hayaonekani, mwezi wa tano nakaa bichi tu naangalia maji. Halafu kuna broda yuko Saudia hutuma pesa ya mama. Sasa nihesabu mwezi gani? Nikisema 600 naona kama naiba, nikisema 2,000 mwezi wa sita nitakuwa nazunguka kukopa.

mtu_wa_shela:
Pole sana Mungu ampe shifaa. Chukua 600 utulie bana, kwani atajuaje? Bei kaweka mwenyewe na wenye majumba huko Casuarina watalipa hizo 2,000.

bi_hesabu:
@mtu_wa_shela ndio maana mipango kama hii hufa. Mimi nashika vitabu vya kliniki nyingine yenye mtindo huo huo, ile ngazi ya chini mara nyingi hairudishi hata gharama, ukitoa tuktuk ya kwenda na kurudi na saa nzima ya mtu hapo hakuna kitu, anayelipa 2,000 ndiye anayembeba wa 600, hakuna mfadhili nyuma ya pazia.

Kepteni kwanza hiyo elfu 80 ni yako ama ni ya boti? Toa mafuta, toa vijana wako, toa servisi ya injini na fundi wa kuziba na kupaka rangi, kile kinachobaki mkononi ndio kipato. Jumlisha mwaka mzima, kaskazi na kusi, ugawe kwa 12. Mwezi mmoja usiupime peke yake, hata ukiwa mbaya vipi. Pesa ya Saudia iingize, si inatumwa kwa ajili ya mama huyo huyo? Baada ya hapo angalia vinywa vinavyokutegemea na kodi. Na usitazame bei ya siku moja, mara mbili kwa wiki ni mara nane kwa mwezi, kwa hivyo 600 ni 4,800, 1,000 ni 8,000, na 1,500 tayari ni 12,000.

mwalimu_kisumundogo:
Mbona hata SHA, bima ya afya ya serikali, ni mambo hayo hayo. Enzi za NHIF, bima iliyokuwepo kabla yake, sisi wa mshahara tulikatwa kwa ngazi, kuanzia 150 mpaka 1,700, na mtu wa jua kali alilipa 500 tu awe na boti moja au kumi. Tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 na haishuki chini ya 300 kwa mwezi, yaani nyumba inayoingiza 40,000 ni 1,100. Kwangu mimi inakatwa kabla hata sijanunua unga, watoto sita ama mmoja ni mamoja. Nyinyi msio na slipu mnapigiwa hesabu kwa maswali ya nyumba, ukuta wa nini, paa la nini, halafu mnatakiwa mlipe mwaka mzima kwa mpigo. Sasa paa Malindi hii litakwambia nini, makuti yako ya fukara na yako ya villa yenye swimming pool 😂 Huyo fizio afadhali, anakuuliza wewe mwenyewe.

mzee_wa_barani:
Mwanangu, mweleze ukweli kwamba pesa yako ina msimu. Maduka ya huku wavuvi wamekopa kusi wakalipa kaskazi tangu zamani, hakuna aibu. Muulize kama unaweza kulipa zaidi Disemba na kidogo mwezi wa tano. La muhimu mama asikatishwe katikati, miezi hii ya mwanzo ndiyo mwili unarudi kwa kasi. Chagua bei ambayo hutaikimbia.

kepteni_maweni:
Shukran mzee, shukran bi_hesabu. Nimekaa na daftari jana usiku, ukitoa ya boti mwaka unanipa kama elfu 28 kwa mwezi, broda hutuma 10. Nimechagua 1,000 mwaka mzima, yaani pesa ya Saudia inalipa fizio, mimi nabaki na dawa, pampas na chakula. Nimempigia kakubali, kasema kusi ikinibana nimwambie mapema kabla sijaanza kumkwepa simu 😅 Pia atamfundisha dadangu mazoezi ya kufanya siku ambazo yeye haji, hiyo haina malipo.

mtu_wa_shela:
Haya basi. Mimi bado ningesema 600.