Tupeane uzoefu: muvi ya kisasi uliyoitazama ukasema "mbona hii nishaiona?"

Mzee wa Mikanda
Wakuu, kwema? Jumapili nilikaa na mdogo wangu kutazama Lady Snowblood, mkanda wa Kijapani wa 1973. Nusu saa haijaisha, dogo kadakia: "Kaka, hawa Wajapani wamemuibia Tarantino!" Chai ilinipalia. Kill Bill ya kwanza, ile ya Tarantino, mwongozaji wa Marekani, imetoka 2003, miaka 30 baadaye. Nilipomwambia hivyo akageuza kibao palepale: basi mwizi ni Tarantino.

Tulibishana mpaka saa sita usiku. Mimi nasema hivi: familia kuuawa, mmoja kusalimika, kufunzwa upanga, kuandika orodha ya maadui, hiyo yote ni mifupa. Kila muvi ya kisasi inayo, na Mfaransa Alexandre Dumas alishaanza kuichapisha riwaya yake ya kisasi, Monte Cristo, tangu 1844. Mtu humtambui kwa mifupa, unamtambua kwa kovu. Na kwenye Kill Bill makovu ya Lady Snowblood yapo: kisa kimekatwa sura kwa sura zenye vichwa, mwanamke wa kimono nyeupe anapigana kwenye theluji, halafu O-Ren, yule adui wa kimono nyeupe, akishaanguka, wimbo unaopigwa ni uleule wa Lady Snowblood, kauimba Meiko Kaji, stelingi mwenyewe wa 1973. Mwizi wa kuku hatundiki manyoya mlangoni kwake. Tarantino alitaka tujue.

Haya, leteni zenu. Mifupa sitaki.

Binti Vuga
Mie langu linamhusu mama. Sholay, mkanda wa Kihindi, aliiona ukumbini hapa Unguja enzi za ujana wake, na mpaka leo ukimtaja Gabbar Singh, jambazi wake, anakunja uso kama kamkuta kibarazani. Siku moja mpwa wangu kaleta muvi ya makauboi, Once Upon a Time in the West. Mama yuko pembeni anachagua mchele, hatazami sana. Ile familia inaandaa chakula nje, risasi zikaanza, wakaanguka mmoja mmoja. Mama bila kuinua kichwa: "Huyo mtoto atabakia mwisho, watamuua. Halafu utasikia treni."

Wallahi ikawa hivyo hivyo. Bunduki ikalia, treni ikapokea.

Mpwa wangu akamuuliza, bibi, umeiona lini? Akajibu hajawahi kuiona, ila Gabbar alifanya hivyohivyo kwa familia ya Thakur, na hawa wazungu wameiga. Nikamwambia hii ni ya 1968, Sholay ni ya 1975. Akanitazama, akarudi kwenye mchele wake. "Muongo wewe."

Baba Shughuli
Mnajisumbua bure. Muvi ya kisasi ni ugali. Jambazi anaua mke, stelingi anapiga goti kaburini, anafukua sanduku la silaha. Zilizobaki ni mboga.

Konda Mstaafu, Nairobi
Si kila mara, ndugu yangu. Man on Fire ya Denzel niliiona kwenye kibanda cha video, deejay akitafsiri juu kwa juu, watu wamejaa hadi mlangoni. Baadaye nikapata ya Amitabh Bachchan, Ek Ajnabee ya 2005. Mlinzi mlevi, mtoto wa kike, utekaji, kila kitu. Nikatangaza kwa stegi nzima kwamba Wahindi wamekopi. Kisha jamaa mmoja akaniletea Man on Fire nyingine, ya 1987, mambo yanafanyika Italia. Nikaona aibu: kumbe hata Denzel ni mrithi! Zote mbili za Kiingereza zimetoka kwa kitabu cha A. J. Quinnell cha 1980. Ya Denzel ilihamishiwa Mexico City, ya Amitabh ikapelekwa Bangkok, na ilifuata mwaka mmoja tu baada ya Denzel, kwa hivyo hiyo ya Amitabh bado naishuku. Siku hizi kabla sijaita mtu mwizi nauliza kwanza kama kuna kitabu.

Kichwa Maji
Mimi Memento niliinunua nikiwa chuo, kwenye zile CD za muvi 12 kwa moja. Kuiweka, jamaa anaua mtu mwanzo kabisa, halafu inarudi nyuma, inarudi nyuma tena, katikati inaingia rangi nyeusi na nyeupe. Nikajua CD mbovu. Nikairudisha kwa muuzaji na kudai hela yangu. Yule bwana hakubisha, akachomoa Ghajini ya Aamir Khan: "Chukua hii, ni hiyohiyo ila imenyooshwa."

Mpaka leo sijasikia uchambuzi mfupi kuliko huo. Michoro mwilini ipo, picha za papo kwa papo zipo, kumbukumbu inayofutika kila dakika 15 ipo. Walichoongeza ni mapenzi na nyimbo. Na miezi kadhaa nilikuwa namwita stelingi Ghajini, kumbe Ghajini ndiye jambazi.

Mama Reli
@Mzee wa Mikanda, kipimo chako kina tundu. Tafuta The Bride Wore Black ya Mfaransa Truffaut, 1968. Bwana harusi anauawa siku ya ndoa, mjane ana majina ya wanaume watano, akimaliza mmoja anamkata kwenye daftari. Kill Bill: bibi harusi, majina matano, anakata. Kama hilo si kovu, sijui kovu ni nini. Na Tarantino kasema hiyo hajawahi kuiona.

Mzee wa Mikanda
@Mama Reli umenipiga ngwala. Labda aliipata mkono wa tatu, kwa mtu aliyeiona, kama mama yake Binti Vuga alivyoijua ile treni bila kuona ya makauboi. Ila sina ushahidi.

Dogo kasoma uzi wote begani kwangu, sasa anauliza kama maana yake yeye ndiye alikuwa sahihi. Nimemtuma chipsi mayai.