Tupeane uzoefu: kupumzika na vioo vya simu na kompyuta, kwa namna inayofaa hapa visiwani

KusiNaKaskazi (Unguja)

Assalamu alaykum jamaa. Mawaidha ya "simu inatuharibia maisha" tumeshayasikia vya kutosha, hata kwenye khutba. Hapa nataka kitu chengine: anayejua namna ya kufanya atoe namna yenyewe. Dakika ngapi, umbali gani, unabonyeza wapi, na kwa nini watu huanza Jumatatu wakaacha Jumatano. Visa vya nafsi zetu tuviweke kando, tuleteane vipimo.

Naanza mie. Mapumziko mengi ya ofisini si mapumziko. Mtu anaondoka kwenye kompyuta, anatoka nje, anatoa simu mfukoni. Jicho limetoka sentimita 60 limehamia 30, shingo imeinama zaidi, na akili imo mule mule. Bora angelibaki kitini. Sharti la kwanza basi: wewe inuka, simu ibaki mezani, kifudifudi.

La pili: kinachokwambia uache simu kisiwe ndani ya simu. Ukiishika kuzima kengele, ushaona ujumbe watatu. Sisi tuna adhana, na inasikika mpaka uwani. Baina ya Magharibi na Isha kuna kama saa moja na dakika kumi, mwaka mzima haibadiliki sana. Muda huo ukiufanya hauna kioo, tayari una mapumziko marefu kila siku bila ya kupanga chochote. Mchana adhana haitoshi, kwa sababu kutoka Adhuhuri hadi Alasiri ni zaidi ya saa tatu. Hapo weka gilasi ndogo ya maji mezani na jagi liweke chumba chengine. Gilasi ikimalizika, lazima uinuke. Jagi likikaa mezani, umeshindwa.

MachoSafi_Chake

Waalaykumu salaam. Kinachochoka si jicho zima. Ndani mna msuli mdogo ulioizunguka lenzi, na kitu kikisogea karibu ndipo unapojibana zaidi. Ukitazama mita 6 na kuendelea, unakuwa umelegea karibu kabisa. Simu ikiwa sentimita 40 unafanya kazi ya dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Ukiileta sentimita 20, kama wanavyolala watoto chali na simu puani, ni dayopta 5. Mzigo mara mbili, kwa kusogeza mkono tu.

Ndiyo asili ya kanuni ya 20-20-20 aliyoieneza daktari wa macho wa Marekani, Jeffrey Anshel: kila dakika 20, tazama kitu kilicho futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20. Kanuni nzuri, lakini anayekaa Mji Mkongwe anakwama kwenye hizo mita 6. Vyumba vingi mle upana wake haufiki hata mita 4, kwani dari zilibebwa na boriti za mikoko na boriti ina kikomo chake. Geuza meza utazame urefu wa chumba au dirisha. Kama haiwezekani, tundika kioo cha kujitazamia ukutani mita 3 mbele yako, kisha ndani yake tazama kitu kilicho nyuma ya kichwa chako, kama saa ya ukutani. Mwanga unakwenda mita 3 na kurudi mita 3, na jicho linalegea kama linatazama mbali. Hii si hila ya kubuni. Vyumba vifupi vya kupimia macho hutumia mpango huo huo.

Pili ni ukavu. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Mbele ya kioo cha simu inaweza kushuka chini ya nusu, tena nyingi ni nusu nusu, kope la juu halifiki la chini. Ndipo macho yanapochoma na, cha ajabu, kutoa machozi. Zoezi: funga macho taratibu, hesabu mbili, kaza kidogo, fungua. Mara 10, kila saa. Halafu feni! Wengi wanalalamikia kompyuta na kumbe feni ya mezani inawapuliza usoni tangu asubuhi. Ielekeze miguuni. Kiyoyozi nacho hivyo hivyo, usikae mkabala na mdomo wake.

Matone ya kuondoa wekundu yaacheni. Yanabana mishipa, nguvu yake ikisha wekundu unarudi, pengine kwa zaidi. Ulizia machozi ya bandia, na ukitia zaidi ya mara 4 kwa siku chukua yasiyokuwa na dawa ya kuhifadhi.

Mwani_Jambiani

Na miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, daktari? Inauzwa kila pahala.

MachoSafi_Chake

Mwaka 2023 jopo la Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, lilipitia majaribio 17 ya miwani hiyo, halikukuta kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida. Pesa hiyo kapime macho. Ukiwa umegonga miaka 40 na unaisogeza simu mbali ndipo usome, hapana mapumziko yatakayokusaidia: lenzi imeanza kuwa ngumu, na miwani ya kusomea ya +1.00 au +1.25 huenda ikamaliza kesi. Ukiona vimwako, vidoto vyeusi vingi kwa ghafla, au kama pazia linashuka, hilo si la kupumzika. Hospitali siku hiyo hiyo.

FundiSimu_Darajani

Nami niseme ya upande wangu. Kwanza nieleze kwa nini vizuizi vya muda huwashinda watu. Kwenye Android unakwenda Mipangilio, kisha Nidhamu Dijitali, unachagua programu na kuipa dakika, tuseme 30. Zikisha, ikoni inafifia. Lakini kukifuta kizuizi chenyewe ni suala la kugusa mara mbili tatu. Aliyeweka kufuli ndiye mwenye ufunguo. Kinachofanya kazi zaidi ni kuongeza usumbufu: futa programu, tumia mtandao huo kupitia kivinjari, na kila ukimaliza toka kwenye akaunti. Kuandika nywila upya kila mara kunachosha, na huko kuchosha ndiko tunakokutaka.

Kugeuza kioo kiwe cheusi na cheupe? Siku za mwanzo kinachusha, baadaye jicho linazoea. Sikikatai, ila usikitegemee peke yake.

Arifa ndizo mzizi. Acha simu za sauti, ujumbe wa kawaida na pesa za mtandaoni. Nyengine zima zote, kisha washa moja moja utakayoikosa kweli. Makundi ya WhatsApp yanyamazishwe daima, si kwa wiki. Chaguo la muda wa saa nane nalo linakurejesha pale pale asubuhi. Alama za buluu za kusoma ukizizima, mtu hakudai jibu papo hapo, ila fahamu kwamba kwenye makundi zitaendelea kuonekana.

Sasa sababu kubwa inayowazuia watu wa hapa kuzima usiku: khabari ya msiba. Maziko kwetu hayangoji, na mtu anaogopa kuamka akaambiwa watu wameshatoka makaburini. Suluhisho lipo. Washa ile hali ya simu iitwayo Usinisumbue kuanzia saa nne usiku mpaka Alfajiri, ruhusu simu za watu uliowatia nyota (wazee, ndugu, jirani mmoja), na acha wazi chaguo la anayepiga tena: mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Halafu waambie jamaa: la haraka usiandike, piga mara mbili. Bila ya kuwaambia, mpango mzima hauna maana, maana wataandika kwenye kundi la ukoo uliloshalinyamazisha.

Chaja iwe wapi? Sebuleni, kwenye tundu la umeme lisilo na kiti karibu. Nasisitiza kiti. Chaja ikiwa pembeni ya kochi, watu hukaa hapo hapo na waya umenyooka. Chumbani nunua saa ya kengele ya betri. Ramadhani ndipo hayo yanapovunjika: mtu baada ya tarawehe anasema "nangoja daku", na simu inamngojesha kweli. Saa ya kengele ikikuamsha daku, hauna udhuru wa kulala na simu.

Na bando! Bando la saa 24 linakwisha liwe limetumika au halikutumika, kwa hivyo mtu saa tano usiku anatazama video kwa kuogopa kupoteza. Chukua la siku 7 au 30 lenye ujazo mdogo. Hata kama kwa megabaiti moja ni ghali kidogo, hulazimiki kulimaliza.

Mwani_Jambiani

Sawa yakhe, lakini mie nauza sabuni za mwani, wateja wote wamo humo humo. Nikizima nimefunga duka.

FundiSimu_Darajani

Duka lina saa za kufungua, shoga. Tumia WhatsApp ya biashara, ndani yake kuna ujumbe wa kujijibu wenyewe unapokuwa hupo, unaupangia saa. Uandike wazi: "Tunajibu saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni. Bei na picha ziko kwenye katalogi." Kisha jaza katalogi kweli, na bei uziweke, kwani nusu ya ujumbe wa wateja ni "bei gani?". Kila kikao kisizidi dakika 30. Kosa la kawaida ni kumjibu mmoja saa 6 usiku kwa huruma. Akishajua unajibu, ataandika saa 6 siku zote.

MnyooshaViungo

Kwa ufupi, shingo. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Hesabu iliyotolewa 2014 na daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Hansraj, inaonesha ukikiinamisha nyuzi 60 mzigo kwenye shingo unafika kama kilo 27. Sasa fikiria baraza zetu: hazina egemeo, ni za chini, simu mapajani. Weka mto juu ya mapaja na viwiko juu ya mto, simu ipande mpaka usawa wa kifua. Kompyuta ndogo iinueni sentimita 10 hadi 15 kwa vitabu na mutumie kibodi ya pembeni, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo.

Kila dakika 30 hadi 45 simama dakika 2. Rudisha kidevu nyuma kama unatengeneza kidevu cha pili, shikilia sekunde 5, mara 10. Usiangalie juu, kidevu kinakwenda nyuma tu. Wengi hukosea hapo. Kisha vuta mabega nyuma, sekunde 5, mara 10.

Gumba likiuma: likunje ndani ya ngumi, halafu shusha kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa gumba maana yake ganda la kano limevimba. Siku chache tuma ujumbe wa sauti badala ya kuandika. Likiendelea wiki mbili, muone tabibu.

Bi_Karafuu (Wete)

Kwa watoto, wanangu, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ni mepesi kukumbuka: mtoto hajatimiza miaka 2, asipewe kioo, wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ndiyo bora. Ila kwa walio skuli mie naangalia zaidi muda wa nje kuliko muda wa ndani. Huko Guangzhou, China, waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya skuli. Matokeo yalitolewa 2015, na baada ya miaka mitatu waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 katika 100, wenzao karibu 40. Inadhaniwa ni mwanga. Chumbani mna mia chache za laksi (kipimo cha mwanga), nje ni maelfu hata kivulini. Kwa hivyo hapana haja ya kumchoma mtoto jua. Chini ya mwembe panatosha. Lengeni saa 2 kwa siku, kwa mafungu.

Wakati mbaya ni saa 7 hadi saa 9 mchana. Anayesoma zamu ya asubuhi karejea, chuoni kwa Qurani bado, jua kali, mama amejinyoosha, simu ipo. Hapo weka mdako barazani, au kazi ya mikono. Nage ingoje Alasiri.

Kumnyang'anya mtoto simu katikati ya kibonzo ni kununua kilio. "Dakika tano tu" nayo haina maana kwa asiyejua dakika. Mwambie "kikisha hiki, unanipa", na kabla ya hapo uwe umeshazima ile kitu ya video kujianzisha wenyewe, la sivyo hakishi milele.

KusiNaKaskazi

Shukran nyote. Na hizo dakika 20 za daktari, nani anazihesabu kama simu imewekwa mbali?

Bi_Karafuu

Saa ya jikoni, ile ya kuzungusha, isiyo na betri. Maduka ya vyombo Darajani zipo, na Chake pia. Lakini usiizungushe moja kwa moja kwenye 20. Ipeleke mpaka 60 kwanza, ndipo uirejeshe 20. Springi ikikazwa kidogo tu, nyengine hufika sifuri kimya kimya zisigonge.