Kuhamisha mnara wa alumini wa magurudumu bila kuubomoa wote

Brashi Kubwa:
Wakuu, tunapaka rangi ukuta wa nje wa ghorofa mbili, Tanga, upande wa bahari. Tumekodi mnara wa alumini, sakafu ya kusimamia iko mita 6, una miguu minne ya pembeni ya kuuzuia usipinduke. Chini ni mchanga ulioshindiliwa, mbele kidogo kuna pevingi. Vijana wanataka kuusukuma ukiwa mzima, mmoja abaki juu na ndoo zake kuokoa muda. Na upepo wa alasiri je?

Fundi Pima Maji:
Mtu juu hapana, mkuu, wala ndoo. Gurudumu moja likizama kwenye mchanga hata sentimita 3, chini unaona mtikisiko mdogo, lakini mita 6 juu mnara umeshayumba vibaya, na uzito wa mtu unaumalizia kuuangusha.

Punguzeni kwanza urefu usizidi mita 4. Tazameni juu kama kuna nyaya za umeme, maana alumini inapitisha umeme vizuri mno. Inueni miguu ya pembeni sentimita 2 hivi tu toka ardhini, msiifungue, ili iudake mnara ukianza kuinama. Fungueni breki, sukumeni kwa mikono mkishika chini kabisa, si kwa gari wala kwa kamba iliyofungwa juu. Kwenye mchanga tandikeni mbao nene chini ya magurudumu na chini ya miguu ya pembeni pia. Hii ya pili watu huisahau.

Mkifika, breki zote nne, wekeni pima maji kwenye fremu ya chini kuona kama imelala sawa, miguu ya pembeni ikaze ardhini, ndipo mnaongeza tena vipande vya juu.

Kusi Kali:
Kuhusu upepo: vumbi na karatasi vikianza kupeperuka na matawi madogo kutikisika, hapo ni kama kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Shukeni. Pakeni ukuta huo asubuhi, alasiri hamieni upande uliokingwa. Uchochoro kati ya majengo mawili unazidisha kasi, msiuamini kwa kuwa "umejificha". Na msifunge turubai wala neti kuzuia rangi isiruke, mtakuwa mmetweka tanga.

Jioni mnara usiachwe umesimama huru: ufungeni kwenye jengo au muushushe. Kiwango cha Ulaya EN 1004, ambacho minara mingi ya kukodi hutengenezwa kwacho, kinaishia urefu wa sakafu wa mita 8 nje na 12 ndani ya jengo.

Brashi Kubwa:
Asanteni. Kumebaki kama nusu mita chini ya paa hatufiki. Tukizungusha skrubu za miguu zote hadi mwisho ili mnara uinuke, au tukiweka ngazi fupi juu ya sakafu?

Fundi Pima Maji:
Skrubu ni za kusawazisha tu. Ngazi juu ya sakafu inasukuma mnara kwa pembeni, tena inamtoa mtu juu ya reli ya kinga. Ombeni fremu fupi kwa mliyemkodi.

Mama Saiti:
Niongeze la reli, maana wengi huanguka wakati wa kuunga, si wa kupaka. Panda kwa ndani, fungua mlango wa sakafu, kaa kwenye uwazi wake miguu ikiwa bado kwenye ngazi ya chini, kisha funga reli za pande zote mbili, ya nusu mita na ya mita moja, kabla hujasimama. Kubomoa ni kinyume chake, ukikaa vilevile. Halafu ubao wa ukingoni wa sentimita 15, brashi isimdondokee mpita njia.

Ndoo ya lita 20 ivuteni kwa ndani ya eneo la miguu ya pembeni. Ikining'inia nje inauvuta mnara kuelekea huko.

Na kagueni klipu za mabomba ya mshazari kila asubuhi. Iliyopinda au isiyobana, rudisheni dukani. Msifunge kwa waya.