Huu wizi wa chensoo (misumeno ya injini ya kukatia miti) za "cc 58", yaani ukubwa wa injini, utaisha lini? Na nyie mnaoshauri watu, mnalinganisha nini hasa?

Wakuu nina hasira. Kila mtu akiuliza achukue chensoo gani majibu ni yaleyale, huyu kampuni ya Stihl ndo baba lao, yule Husqvarna haina mpinzani, halafu anatokea wa tatu, acha kupoteza hela mzee chukua hii ya bei poa cc 58 baa (ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni) inchi 22 inakata chochote. Hakuna anayeuliza jamaa anaenda kukata nini, kuni za nyumbani au magogo kutwa nzima.

Sasa hiyo cc 58 mimi ninayo, kampuni siitaji. Ilivyokuwa inazimika kwenye gogo la kawaida tu nikaifungua silinda na fundi, tukapima kwa venia kalipa, kile kipimo cha milimita. Pistoni kipenyo milimita 45, mwendo wake milimita 32. Pigeni hesabu wenyewe, haifiki hata cc 51! Na stika ubavuni inasema 58 kwa maandishi mekundu makubwa. Halafu injini hiyo wameifungia baa ya inchi 22 ili ionekane ya kazi, cheni inaburuzwa tu.

Hilo la nguvu ningelimeza. Kinachonichoma ni breki ya cheni. Ncha ya baa upande wa juu ikigusa mti mashine inarushwa kuelekea usoni kufumba na kufumbua, na kinachokuokoa ni kile kikinga mkono cha mbele, kikisukumwa tu cheni isimame hapohapo. Yangu unasukuma, cheni inaendelea kuzunguka, ndo baadaye inasimama ikijisikia. Mkanda wa breki ni bati laini limeshalika na mashine bado mpya. Nimewarudia waliouza wananiambia "tumia kwa uangalifu". Uangalifu gani, kichwa ninacho kimoja!

Na nyie wa kushabikia majina msijifiche. Husqvarna 455 Rancher ina cc 55.5, inatoa kilowati 2.6. Stihl MS 261 ina cc 50.2 tu lakini inatoa kilowati 3.0 na ni nyepesi kuliko hiyo. Kwa hiyo cc peke yake haikwambii kitu. Ila msikimbilie kusema Stihl imeshinda, maana MS 250 ni Stihl hiyohiyo na inatoa kilowati 2.3, ile ni ya shamba na nyumbani, 261 imetengenezwa kwa watu wa kazi. Husqvarna nao wana zao za kazi, hizo XP. Unachukua ya nyumbani ya huyu unailinganisha na ya kazi ya yule halafu unatangaza mshindi, huo ni ushauri kweli?

Muuzaji naye ukimuuliza cheni ni .325 au 3/8 (saizi ya nafasi ya pingili zake kwa inchi) anakodoa macho, wakati hata tupa zake hazifanani, .325 inanolewa na ya milimita 4.8 na 3/8 ya kawaida na ya 5.2 au 5.5 kutegemea cheni.

Kuanzia leo ukitaja chensoo hapa taja na kilowati, uzito, baa uliyofunga, unakata mti gani, spea zake unazipata au la. Na breki umeijaribu? Kama hujaijaribu usimshauri mtu ainunue.