Ushauri: Mwanangu ana mzio mkali wa karanga na anaanza shule. Niwaandaeje walimu?

MamaWawili

Habari zenu wanajamvi. Mwanangu ana miaka 5, mwezi ujao anaanza shule. Ana mzio mkali wa karanga. Mara ya mwisho alimega biskuti kwa jirani, hata nusu hakufika. Hazikupita dakika 10, midomo ikavimba, kikohozi kikaanza, sauti ikakwaruza, kisha akalegea mikononi mwangu. Ile sindano ya adrenalini yenye umbo la kalamu ndiyo iliyomrudisha.

Nimekwenda shuleni na barua ya daktari. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaisoma, akaitia kwenye faili na kuniambia, "Usijali mama, tutamwangalia." Nikauliza dawa itakaa wapi. Akanionyesha kabati la chuma ofisini kwake, lina kufuli. Ufunguo anao yeye. Na siku asipokuwepo? Akanyamaza kidogo, akasema watatafuta namna.

Sitaki nionekane msumbufu kabla mtoto hajaanza hata siku moja, ila usingizi sipati. Mliopitia haya, mlianzia wapi?

NesiWaUsiku

Pole mama. Anza na hilo kabati. Adrenalini inasaidia zaidi ikitolewa mapema, mzio unapoanza tu kuwa mkali. Dakika za kutafuta ufunguo ni dakika za mtoto kukosa pumzi. Dawa ikae mahali pasipofungwa, watu wazima wote wapajue, isiwe juani wala kwenye friji. Ziwe kalamu mbili, kwa sababu dalili zisipopungua baada ya dakika 5 hivi huchomwa ya pili. Mtoto akienda uwanjani au safari, kalamu zinakwenda naye. Na andika tarehe ya kuisha muda wake mahali utakapoiona.

Wafundishe pia dalili. Wengi wanasubiri waone vipele, na mwili unaweza kuzidiwa bila kipele hata kimoja. Mtoto mdogo hasemi "napata mzio". Atasema ulimi unachoma, koo lina kitu, tumbo linauma. Atakuna mdomo au atakuwa mkimya ghafla. Ukisikia sauti imebadilika, anakoroma kifuani au anataka kuzirai, choma kwanza, simu ya gari la wagonjwa ifuate hapo hapo.

BabaK

Mimi nadhani mnamtisha dada yetu. Wangu akiwashwa tunampa dawa ya mzio ya kumeza, tunamwangalia, inapita. Walimu waanze na hiyo, sindano iwe ya mwisho.

NesiWaUsiku

Kaka BabaK, kwa kuwashwa na vipele vichache uko sawa. Ila dawa ile haifungui koo wala haipandishi presha iliyoshuka, na inachelewa kufanya kazi. Shule ikiambiwa "sindano iwe ya mwisho", itachelewa. Daktari alishapima dozi kulingana na mtoto, kwa hiyo mwalimu akichoma na baadaye ikaonekana haikuhitajika, mtoto atatetemeka kidogo na moyo utakwenda mbio kwa muda. Kuchelewa ndiko kunakoua.

BabaK

Nimekuelewa nesi. Hilo la presha sikulijua.

MwalimuMstaafu

Niseme upande wa walimu, maana nimeshika chaki miaka mingi. Tatizo letu ni woga. Siku mtoto alipozidiwa darasani kwangu, kalamu nilikuwa nayo mkononi na nilisimama nasoma maelekezo kama mtu aliyesahau kusoma. Barua ya daktari nilishaisaini muhula mzima nyuma! Mwenzangu ndiye aliyeninyang'anya akamchoma. Mtoto alipona, lakini zile sekunde sijazisahau.

Kwa hiyo mama, karatasi peke yake isikutulize. Omba kalamu ya mazoezi, ile isiyo na sindano wala dawa, na kila mmoja aishike: mpishi, mlinzi, dereva, mwalimu wa zamu, hata wa muda. Wachome kwenye paja lao wenyewe, upande wa nje, katikati, juu ya nguo. Wahesabu kwa sauti kama maelekezo ya aina yenu yanavyosema. Halafu gawaneni kazi: huyu anachoma, yule anapiga simu, wa tatu anawatoa watoto wengine. Waandikie pia ruhusa yako kwamba wachome bila kukusubiri kwenye simu. Mwalimu anaogopa lawama kuliko anavyoogopa sindano.

NesiWaUsiku

Mwalimu umenena. Naongeza moja: mtoto alazwe, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida aketi, akitapika alale ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa kwenda ofisini, hata akisema amepata nafuu. Na hospitali lazima aende, dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

MamaKijana

Wangu sasa ni kijana. Kilichotusumbua zaidi kilikuwa sherehe za darasani, maana keki inaletwa na mzazi asiyejua lolote. Tulikubaliana chakula chochote kisicho na maelezo ya viambato yeye hali, na mwalimu ana kopo la vitafunio vyake. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, ile jeli ya kuua vijidudu haiondoi karanga. Ila tafadhali wasimkalishe peke yake mezani. Wangu walimtenga mwaka mzima, akaanza kuficha dalili ili asionekane tofauti. Hilo liliniumiza kuliko mzio wenyewe.

MamaWawili

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Nilipeleka kalamu ya mazoezi na picha ya mwanangu kwenye karatasi ya ukurasa mmoja. Tulikuwa watu tisa chumbani. Mpishi alikataa katakata, akasema mikono yake inatetemeka. Nikamwambia yangu ilitetemeka pia siku ile. Akaishika, akaigeuza, mara ya kwanza akaiweka kichwa chini. Mara ya nne akabonyeza pajani kwake na kuhesabu kwa sauti hadi mwisho.

Kalamu mbili sasa ziko kwenye mfuko mwekundu kando ya mlango wa darasa, hakuna kufuli. Bado dereva wa basi, siku hiyo alikuwa safarini. Tumepanga Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha gari.