"Kwangu inafanya kazi" ndiyo jibu gani? Huyu jamaa ataniua!

Wakuu, nina hasira, na atakayekuja hapa na dharau nampitia na yeye.

Yule jamaa mnamjua, jina sitaji. Yule anayejiona kihariri cha ramani ya OpenStreetMap, ile ramani huru tunayochora wenyewe, kilizaliwa sebuleni kwake.

Nimeshusha msimbo wote wa hicho kihariri, nikijenge mwenyewe. Nikaandika npm install, amri ya kushusha vipande vyote inavyohitaji programu, kompyuta ikavuma, folda ya node_modules ikajaa mafaili mengi kuliko nyumba zote nilizowahi kuchora kwenye ramani. Nikavumilia. Nikaandika npm run all, amri ya kukijenga, maandishi mekundu yakaporomoka mpaka kipanya kikaganda. Nikabadilisha toleo la Node, programu inayoendesha hizo amri, yakaja mekundu mengine, tena marefu zaidi. Basi nikamwandikia kiungwana, salamu juu, makosa yote nimebandika mstari kwa mstari. Mnajua alichonijibu?

"Kwangu inafanya kazi."

Na kidole gumba. Na hoja yangu kwenye ukurasa wa mradi akaifunga hapohapo!

KWANGU INAFANYA KAZI! Kwani mimi nakaa kwako? Nibebe ramani begani nije nichorie kwako? Na kile kidole gumba, jamani! Angenitukana ningelala. Kidole gumba!

---

SitiYaMbele: Nimeshakaa. Huyohuyo mimi aliniambia "soma maelekezo", wakati swali langu lilikuwa kwamba maelekezo hayaeleweki.

FundiMjeuri: Mkuu, toleo gani la Node? Umeandika aya nzima ya kidole gumba, toleo hujataja.

Mleta uzi: Toleo linahusu nini? Mtu amefunga hoja kwa KIDOLE.

FundiMjeuri: Linahusu sana. Fungua package.json, faili la maelezo ya mradi, tazama sehemu ya engines, matoleo yanayokubalika yametajwa pale. Futa node_modules yote, weka toleo hilo, anza upya.

Mleta uzi: Sawa. Na kidole gumba je?

ChoraTaratibu: Samahani, unataka kuchora ramani au kutengeneza kihariri? Maana kwenye tovuti ya OpenStreetMap kipo tayari, unabonyeza Hariri unaanza kazi. Hakuna aliyekutuma kukompaili.

Mleta uzi: Nataka kuongeza kitufe changu.

ChoraTaratibu: Kitufe gani?

Mleta uzi: Cha kidole gumba kinachotazama chini.

SitiYaMbele: Hahahaha nimekufa.

Mlango8080: Afadhali yako inagoma mapema ukajua moja. Yangu ilijengeka safi, npm start ikawaka, ramani hiyo, nikaanza kushangilia. Kuingia kwenye akaunti, wapi! Kumbe anwani ya kurudishwa baada ya kuingia lazima iwe ya https, isipokuwa 127.0.0.1, yaani kompyuta yako mwenyewe. Mimi naandika localhost, jina la kompyuta hiyohiyo, usiku kucha. Nani huzaliwa anajua hayo?

FundiMjeuri: Imeandikwa kwenye maelekezo ufungue 127.0.0.1:8080.

Mlango8080: Wewe ndiye yule jamaa nini?

MzeeWaPotlatch: Vijana mnajitesa. Enzi zetu unafungua Potlatch, kihariri cha zamani, kwenye kivinjari, unachora, unalala.

ChoraTaratibu: Mzee, ile ilikuwa ya Flash, teknolojia ya zamani ya vivinjari, na Flash iliachwa mwishoni mwa 2020. Tumia JOSM, kihariri kingine cha kuweka kwenye kompyuta, inatumia Java, unashusha faili moja la jar unafungua.

MzeeWaPotlatch: JOSM vitufe vingi, macho yangu hayawezi.

PembeTatu: Nyie mnalilia vitufe, mimi kuna mtu anahamisha majengo yangu yote kusini kila wiki! Anafuata picha ya setilaiti isiyokaa mahali pake, wala halinganishi na nyayo za GPS, njia zilizorekodiwa na waliopita pale. Mtaa mzima umeingia mtoni.

Mleta uzi: Tusitoke nje ya mada wakuu.

Mlango8080: Mtoni?? Huyo namjua, na kwetu alipitisha barabara juu ya paa la shule.

PembeTatu: Ndiye huyo! Ukimwandikia hajibu.

FundiMjeuri: Weka kiungo cha seti ya mabadiliko, yale mahariri aliyohifadhi pamoja, tuione.