Ushauri: Nataka ubingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, nipitie njia gani?

Mgogo_MD: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni daktari, niko hospitali ya wilaya kanda ya kati. Kliniki ya kifafa inajaa, dawa ya uhakika stoo ni fenobabitoni, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) hakuna, CT scan mpaka rufaa. Nataka kubobea kwenye magonjwa ya mfumo wa fahamu (siyo upasuaji, msinipeleke MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, tafadhali). Kaka yangu aliyeko Texas anasema nifanye USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari Marekani. Mganga Mkuu wangu anasema nianze na MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani. Nina miaka 31, mke na watoto wawili. Nisaidieni.

Kipimajoto: Fuata Texas mkuu, utakuja kutushukuru.

Bi_Stetho: Kipimajoto, usimjaze mtu upepo. Mgogo, njia ya Marekani iko hivi: mtihani wa kwanza wa USMLE, Step 1 (tangu 2022 ni kufaulu au kufeli tu, alama hazitolewi), kisha wa pili, Step 2 CK, ambao alama zake ndizo zinaangaliwa sana, mtihani wa Kiingereza, cheti cha ECFMG (chombo kinachothibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani), halafu unaomba nafasi na kusubiri Match, yaani mgao wa nafasi za mafunzo hospitalini, mwezi Machi. Ukipata, mwaka 1 unazunguka wodi za magonjwa ya ndani, miaka 3 ni ubongo na mishipa. Unalipwa mshahara, hilo ni jema. Ila ada za mitihani, maombi na safari ni za kwako, na kadiri unavyokaa miaka mingi tangu uhitimu, programu nyingi zinakukwepa. Kingine, wengi huenda kwa viza ya J-1: ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani miaka 2, au uombe msamaha kwa kukubali kufanya kazi kwenye maeneo yao yenye uhaba wa madaktari.

Mgogo_MD: Asante dada. Afrika Kusini je?

Bi_Stetho: Mafunzo mazuri sana, miaka 4. Ila mgeni kwa kawaida unaingia kama mwanafunzi wa ziada, hospitali haikulipi. Uende na mfadhili.

Daktari_Mzee: Kijana, mimi nakuuliza swali moja: unataka kutibu nani? Huko Marekani utafundishwa kukimbizana na zile saa 4 na nusu za kwanza za kuyeyusha damu iliyoganda kwenye kiharusi. Ni elimu safi. Lakini mgonjwa wako wa kiharusi anafika siku ya tatu, ameshapita kwa mganga wa kienyeji, na shinikizo la damu hajawahi kupimwa. Kifafa chako kinatokana na mtoto kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, malaria kali, minyoo tegu ya nguruwe (waulize waliofanya kazi Mbulu), na kule Mahenge kinahusishwa na usubi. Homa ya uti wa mgongo ya fangasi kwa wenye VVU utaiona kila wiki.

Ndiyo maana ningekuwa wewe ningetazama Lusaka, pale UTH (hospitali ya chuo kikuu), walioanza kufundisha mabingwa wa fani hii 2018, au Addis Ababa, hospitali ya Tikur Anbessa, walioanza 2006. Wanafundishia kwenye wodi zinazofanana na yako. Na Mganga Mkuu wako hajakosea: MMed ya magonjwa ya ndani inakupa ubingwa mkononi hata ukikwama mbele, na ubingwa bobezi (ngazi ya juu ya ubingwa) mwingi unaidai. Wizara ina ufadhili wa ubingwa bobezi, fuatilia matangazo yake.

Kipimajoto: Mzee, na mshahara wa Lusaka utalisha watoto wawili?

Daktari_Mzee: Ndiyo maana aombe ruhusa ya masomo yenye mshahara kabla hajaacha chochote. Watu wanaondoka kimyakimya, wanarudi wamefutwa kwenye orodha ya malipo.

Mama_Zawadi: Na mkeo umemuuliza, au sisi ndio wa kwanza kusikia?

Mgogo_MD: Mama, mke anajua, yeye ndiye aliyenituma niulize 😂. Texas naiweka pembeni. Kesho naenda kwa katibu wa afya kuulizia ruhusa. Daktari Mzee, naomba nije PM kuhusu Addis, mafunzo wodini ni Kiingereza au Kiamhari?

Daktari_Mzee: Darasani Kiingereza. Mgonjwa atakueleza maumivu yake kwa Kiamhari. Karibu PM.